Nauliza Lita, Najibiwa Kilo

Nchi hii ukinunua maji utaambiwa lita. Mafuta ya kula lita, petroli lita, maziwa lita, na hata mbege yenyewe ukikaa kilabuni utaletewa kwa lita. Sufuria, ambayo kazi yake yote ni kubeba vitu vya majimaji vikichemka, ndiyo pekee ambayo mwenye duka hajui inaingia lita ngapi. Anajua namba yake. Anajua kilo zake. Anajua imetoka kiwanda gani na kwamba kiwanda hicho siku hizi hakitoi tena mzigo wa namna hii, kwa hiyo chukua sasa hivi. Lita hajui, na ukimuuliza anakutazama viatu kwanza, ndipo anakutajia bei.

Sikuingia kwenye msako huu kwa kupenda. Binti yetu anapata kipaimara. Ukoo umekaa kikao, kamati imeundwa, kundi la WhatsApp limefunguliwa likiwa na picha ya njiwa, na majukumu yakagawiwa. Mmoja kapewa turubai na viti, kazi ya kupiga simu mbili. Mwingine kapewa keki. Yule ambaye hajawahi kuchangia kitu kwa wakati tangu tunamfahamu kapewa uweka hazina. Mimi nikapewa mbege. Nikauliza kwa nini nisinunue tu kilabuni, wakanijibu kwa kauli moja: si wewe ndiye kila siku unalalamika kwamba mbege ya Dar imejaa maji? Nilisema, ndiyo. Na nasema tena, imejaa maji. Lakini tangu lini mtu anayelalamikia barabara akapewa greda?

Kwa asiyejua, mbege hupikwa mara mbili, na hapo ndipo sufuria inapokuwa mgeni rasmi. Kwanza ni ndizi mbivu. Zinavundikwa mpaka zilainike, zinamenywa, zinatiwa maji na kuchemshwa saa baada ya saa mpaka rangi igeuke kuwa nyekundu. Zikipoa zinahamia kwenye pipa kuchacha kwa siku kadhaa, kisha zinachujwa. Pili ni ulezi. Huo unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa, halafu unapikwa uji. Uji ukishapoa unachanganywa na yale maji ya ndizi, magome ya mti wa msesewa yanaleta ule uchungu wake, na kesho yake wazee wanavuta viti. Kamati inataka debe tano, yaani lita 100. Kwa kuwa ndizi na uji vinapikwa kila kimoja kwa wakati wake, kila upishi utakuwa na lita 50 hadi 60. Na kwa kuwa uji wa ulezi ukichemka huwa unapanda bila kuaga, inatakiwa nafasi ya juu. Nikapiga hesabu: sufuria ya lita 80. Hesabu safi kabisa. Tatizo ni kwamba mji mzima hakuna anayeuza sufuria kwa lita.

Kundi la WhatsApp lilinishauri kwanza niazime. Nikajaribu, kwa heshima zote. Shangazi wa Kimara ana sufuria kubwa, ila iko Kibaha. Ilikwenda kwenye msiba mwaka juzi na mpaka leo inaendelea kufiwa. Shemeji wa Mbezi anayo, lakini imepikiwa pilau miaka na miaka, na mbege yenye harufu ya iliki na binzari nyembamba siwezi kumwekea mezani mjomba aliyepanda basi kutoka Rombo. Kaka mkubwa alisema chukua tu, mdogo wangu, wala usiulize. Nikafunga safari, nikaikuta uani, imetobolewa chini na imepandwa mchicha. Mchicha wenyewe umestawi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walishasema, lakini angalau ya kwao ilikuwa haijaoteshwa mboga.

Basi kodi. Wakodishaji wa vyombo vya shughuli wanahesabu kwa siku. Ukimwambia kwamba ndizi zitachemka leo na uji utapikwa siku nyingine, anakupigia hesabu pamoja na siku zote za katikati ambazo sufuria yake itakuwa imelala tu kwako. Juu ya hapo kuna amana, na juu ya amana kuna faini ya kubonyeza. Ile niliyoonyeshwa ilikuwa imebonyea kila upande. Nikamuuliza kwa upole, faini za mabonyeo haya yote zilikwenda wapi, mbona hujanunua mpya? Tukaachana hapo.

Kwa hiyo Kariakoo. Ukitaka kujua uvumilivu wako unaingia lita ngapi, nenda Kariakoo mchana wa jua ukiulizia sufuria kubwa.

"Karibu Mangi, karibu sana. Sufuria za shughuli hizi hapa."

"Hii inaingia lita ngapi?"

"Hii ndiyo namba ya juu kabisa, bosi."

"Sijauliza namba. Lita."

"Inapika mchele kilo 20, na nyama juu."

"Sipiki mchele."

"Basi nyama peke yake."

Duka la pili sufuria hupimwa kwa watu. Hii watu 100, ile watu 150. Nikauliza watu wa wapi, maana watu 100 wa semina na watu 100 wa ukoo wetu ni hesabu mbili tofauti. Duka la tatu kipimo ni mbuzi: inaingia mmoja mzima, na kichwa chake. Namba nazo ni balaa la peke yake, kwa sababu namba za kiwanda hiki hazisalimiani na namba za kiwanda kile, na unaweza kukuta namba moja ina upana wa kuogeshea mtoto na nyingine ya namba hiyohiyo ina upana wa kumuosha miguu tu. Wapo pia wanaouza sufuria nzito kwa kilo, wanaiweka kwenye mizani mbele yako. Hao nitawatetea kidogo. Kilo angalau zinakuambia kitu, kwamba sufuria mbili zikilingana upana na kina, iliyo nzito ndiyo nene, na unene utauhitaji. Ila na wao ukiwauliza lita, wanaisogeza mizani karibu zaidi na kukutajia kilo kwa sauti kubwa, wakidhani una tatizo la masikio.

Mwishowe nikaenda na tepu ya fundi cherehani. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: upana wa ndani kwa sentimita, uzidishe kwa upana huohuo, uzidishe kwa kina, halafu uzidishe kwa 0.785 na ugawanye kwa 1,000. Jibu ni lita. Sufuria ya upana wa sentimita 50 na kina cha 40 inaingia lita 78 na nusu ikijaa mpaka ukingoni. Ya upana wa 40 na kina cha 40 inaingia lita 50. Kila simu ya mfukoni ina kikokotoo, hakuna cha kuogopa.

Sikutegemea tepu ingekuwa na nguvu zile. Nilipoinama ndani ya sufuria na kuanza kusoma sentimita kwa sauti, duka likanyamaza. Kijana aliyekuwa akiniita Mangi akaanza kuniita mzee. Mwenye duka akatoka nyuma, akanipa shikamoo ambayo kwa umri wetu mimi ndiye niliyepaswa kumpa, akauliza kama natoka vipimo au natoka kodi. Nikasema natoka Mbezi. Hakuniamini, lakini bei ilishuka bila mimi kuomba. Nawapa siri hii bure: tepu ya cherehani ni rahisi kuliko nauli ya kwenda na kurudi, na inapunguza bei kuliko kubembeleza.

Na hapa niseme na wenye viwanda. Chini ya sufuria mnapiga muhuri wa jina lenu. Mnapiga picha ya mnyama. Mnapiga namba yenu isiyoeleweka. Nafasi iliyobaki inatosha kuandika "lita 50". Mnaogopa nini?

Swali la pili linalokera ni "unapika nini?" Ukisema uji, wanadhani una kituo cha watoto yatima na wanataka kujua nani anakufadhili. Ukisema pombe, kijana anakukonyeza na kupunguza sauti: gongo? Hapana, si gongo, sitafuti kesi, na gongo haitaki sufuria tu, inataka na mabomba. Ukisema mbege, hapo bei inarudi juu palepale ilipotoka, kwa sababu mjini hapa kuna imani isiyoyumba kwamba Mchaga anayepika mbege amekwishauza kiwanja. Siku hizi nikiulizwa nasema, "Mama ndiye anajua." Hakuna muuzaji anayebishana na jibu hilo.

Tuje kwenye chuma chenyewe, maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela, na wengine afya.

Ya bei ya chini kabisa ni alumini nyembamba, ile ambayo ukiigonga kwa kidole inalia mpaka jirani anaitika. Kwa chai haina neno. Kwa uji wa ulezi ni msiba, maana moto wa kuni hauenei. Unapiga pale unapopiga, na uji unashika pale chini kabla mwiko haujafika. Uji ukishaungua, moshi unaingia kwenye pombe yote, na mjomba wa Rombo atalisema mbele ya padri. Alumini nene ni kitu kingine kabisa. Alumini hupitisha joto mara 15 hivi kuliko chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo kitako kinene kinautawanya moto kabla haujaunguza kitu.

Chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, ndicho kinachong'aa na ndicho wake zetu wanachokipenda. Hakiliwi na uchachu, hakibonyei hovyo, kinadumu. Lakini kwa ukubwa tunaoutaka bei yake inakaribia ada ya muhula, na zile za bei nafuu zina kitako chembamba ambacho, kwa huo uvivu wake wa kupitisha joto, kinaunguza uji kuliko hata alumini nyembamba. Halafu kuna mchezo wa sumaku. Muuzaji mmoja anakuonyesha sumaku haishiki, anasema ndiyo stenlesi ya kweli. Wa jirani anakuonyesha sumaku inashika, anasema ndiyo chuma imara. Ukweli ni kwamba zipo stenlesi za aina zote mbili, na sumaku haikuambii lolote kuhusu unene wa kitako. Mwombe akuonyeshe kitako.

Kuna sufuria za kuyeyushwa, zile nzito zenye mwili wa mchangamchanga, zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyomiminwa kwenye kalibu. Nene? Ndiyo. Rahisi? Sana. Lakini chakavu ni chakavu. Humo kuna vipande vya injini, redieta, na vitu ambavyo aliyevitupa alikuwa na sababu. Watafiti waliopima sufuria za namna hii nchini Cameroon walikuta zinatoa madini ya risasi kwenye chakula, hasa chenye uchachu. Mbege ni chachu. Mimi nimepita tu, nikasalimia, nikaendelea.

Fundi mmoja wa Gerezani alinipa wazo lake kwa kujiamini kabisa: nunua pipa la lita 200, mimi nalikata katikati, nakuwekea mikono, unapata sufuria mbili kwa bei ya robo. Nikamuuliza pipa lilibeba nini. Akasema halina shida, tutalichoma moto. Nikarudia, lilibeba nini? Akasema mzee, moto unaua kila kitu. Sasa hata likiwa lilibeba asali, bado ni chuma kitupu, na chuma kikikutana na uchachu kinaingia kwenye kinywaji. Kusini mwa Afrika madaktari wameandika kwa miaka mingi habari za wanywaji wa pombe za kienyeji zilizotengenezwa kwenye mapipa ya chuma, maini yao yakajaa madini ya chuma mpaka yakaharibika. Kuhusu karai na ndoo za bati sisemi mengi. Mng'ao ule ni zinki, uchachu unaiyeyusha, na wageni wote watatapika kwa pamoja, wakiongozwa na kamati.

Hata hiyo alumini nene, kwa kweli, ni ya kuchemshia tu. Kupika ndizi saa kadhaa, sawa. Kupika uji, sawa. Kuulaza mchanganyiko humo usiku kucha ukichacha, hapana, maana uchachu unaila pole pole. Kuchacha ni kazi ya pipa la plastiki lililotengenezwa kwa chakula. Na kuna jambo moja ambalo halitaeleweka nyumbani kwangu mpaka nife: ule weusi wa kijivu unaojitokeza ndani ya sufuria ya alumini ukichemsha maji ni ngozi yake. Ndiyo inayoikinga. Lakini wanawake wa ukoo huu wamelelewa kwamba sufuria isiyong'aa ni aibu ya mama mkwe, kwa hiyo inasuguliwa kwa waya, mchanga na majivu mpaka uione sura yako. Nimeeleza kwa lugha zote ninazozijua. Naambiwa nisiwatetee wavivu.

Katikati ya haya yote mpwa wangu aliyeko Marekani akaingilia kati. Na yeye siku hizi anapika bia yake ya shayiri kwenye gereji, akatutumia picha: sufuria ya stenlesi, ina koki chini, ina kipimajoto ubavuni, ina mistari ya lita ndani. Mistari ya lita! Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Anasema kipimajoto ni muhimu kwa sababu shayiri yao inataka joto la nyuzi 65 hivi ili wanga ugeuke sukari, na koki ni ya kutolea maji bila kuinua kitu. Nikamuuliza anapika kiasi gani kwa mara moja. Galoni tano, anko. Yaani lita 19. Debe moja! Kifaa chote kile, na koki, na kipimajoto, kwa debe moja, ambalo sisi tungeliita la kuonja. Akanifafanulia kwamba kule kupika bia nyumbani bila kodi kuliruhusiwa na sheria aliyoisaini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, na kwamba nyumba yenye watu wazima wawili ina ruhusa ya galoni 200 kwa mwaka. Nikamsomea mjomba wa Rombo kwenye simu: lita 757, debe kama 38, kwa mwaka mzima. Mjomba akakaa kimya kidogo, akauliza, "Na Desemba wanafanyaje?"

Mpwa akanishauri niagize moja kutoka huko. Nikapiga hesabu ya usafirishaji na ushuru. Kwa hela ile naweza kumpeleka fundi wa Gerezani chuo.

Rafiki zangu walioko Nairobi nao wanasema niende tu Kamukunji, mafundi wa jua kali wanakugongea sufuria ya ukubwa wowote ukisimama pale. Siwabishii, nimesikia sifa hizo miaka mingi. Ila kuvuka mpaka wa Namanga na sufuria ya lita 80 kichwani, nikimweleza afisa forodha kwamba ni ya kipaimara, ni safari ambayo umri wangu hauiruhusu.

Kuna pia suala la umbo, ambalo muuzaji halijui na mpishi hulijua akishachelewa. Sufuria ndefu nyembamba inapendeza dukani na haichukui nafasi, lakini mwiko hauoni chini, na uji wa ulezi unataka mwiko ufike kila kona. Pana mno nayo maji yanakauka mbio na moto unalamba pembeni. Kina kisizidi upana, basi. Halafu mikono. Sufuria zetu nyingi hazina mikono, zina ukingo tu, na tunazishusha kwa matambara mawili na sala. Kwa sufuria ya wali wa familia inawezekana. Kwa lita 60 za uji unaochemka, wakati lita moja ya maji ni kilo moja, unazungumzia kilo 60 za moto kabla hujaongeza uzito wa sufuria. Ni mfuko wa saruji na kilo 10 za nyongeza, unaomwagika. Kwa hiyo mikono iwepo, miwili mipana ya kushikwa na watu wawili, na iwe imefungwa kwa ribiti zilizopita upande wa pili. Ile ya kuchomelewa juu juu huachia siku ya shughuli, haiwezi kuachia siku nyingine.

Ukishakubaliana bei ya sufuria unagundua kwamba umenunua sufuria tu. Mfuniko ni mbali. "Mfuniko, mzee, hauji nayo." Kwa nini hauji nayo? Ulizaliwa nayo, ulitengenezwa kwa kipimo chake, utamfaa nani mwingine? Mwiko nao ni mbali, urefu wa mtoto wa darasa la nne. Mafiga ya kawaida hayafai, unatafuta matofali ya kuchoma. Kuni ni nyingine. Kisha usafiri: kondakta wa daladala alitaka sufuria ilipiwe nauli ya watu watatu, na wakati huohuo akataka abiria mmoja akae ndani yake. Bajaji ilitubeba, mimi nikiwa nimeikumbatia sufuria mapajani, barabara nzima mpaka Mbezi, na kila tuliposimama kwenye foleni mtu aliniuliza inauzwa shilingi ngapi. Hakuna aliyeuliza lita ngapi.

Mbali na uzito, bei na usafiri, sufuria kubwa ina gharama moja ambayo haiandikwi kwenye risiti. Ikishaonekana mtaani si yako tena. Bajaji haijazima injini, mama wa nyumba ya pili ameshasimama mlangoni akisema hongera, na macho yake yako kwenye ukingo akikadiria pilau ya maulidi. Balozi wa nyumba kumi amekuja kusalimia, jambo ambalo hafanyi ila panapokuwa na mchango. Jumuiya ndogondogo imetangaza, katikati ya maombi, kwamba Mungu ametujalia chombo. Mimi ndiye nimejaliwa deni, lakini hilo halikutangazwa. Na msiba ukitokea huwezi kukataa. Hata ukiwa na uji motoni utaambiwa umalizie kwenye ndoo.

Nilipolitazama jambo hili kwa makini ndipo hesabu ikabadilika. Sufuria moja ya lita 80, nene, yenye mikono, ilikuwa 190,000. Mbili za lita 50, zenye unene uleule, zilikuwa 85,000 kila moja, jumla 170,000. Kila moja ukiijaza kiasi cha kuacha nafasi inapika lita 35 bila wasiwasi, kwa hiyo mbili zinapika 70, zaidi ya nilichotaka. Moto unagawanyika, uji ukiungua unaungua nusu, na mtu mmoja mwenye nguvu za wastani anaweza kuivuta ikiwa imepunguzwa kidogo. Zinakaa moja ndani ya nyingine kama upana wake haulingani sawasawa, mradi umeleta tepu. Na la muhimu kuliko yote, moja ikienda kufiwa Kibaha, nyingine inabaki nyumbani. Kamati imeuliza kwenye kundi kwa nini nimenunua mbili wakati kikao kilipitisha moja. Mweka hazina ameandika kwamba atalifanyia kazi. Sijarudishiwa hela.

Kwa hiyo uamuzi wangu, kwa anayetaka kupika nyumbani bila kufilisika: alumini nene, mbili, za lita 50, upana na kina vikaribiane, mikono ya ribiti, na mfuniko ulipwe humohumo kwenye bei au uondoke dukani. Wengine mtanunua za kung'aa, shauri yenu.

Na wewe jirani unayesoma hapa ukijifanya unatafuta matokeo ya mpira: sufuria zipo. Msiba naitoa bure, saa yoyote. Harusi uje na gunia la mkaa. Isuguliwe nje tu, ndani msiguse. Na wiki ya kipaimara usigonge mlango kabisa, zote mbili zina kazi.